Mgema Aliuza Mnazi

Tarehe 1 Februari 2015, mamilioni ya Wamarekani wakiwa wameketi kutazama Super Bowl, Budweiser ilirusha tangazo la kujisifu. Ujumbe ulikuwa wazi: sisi ni bia ya watu wa kawaida, tunapika kwa njia ngumu, na wale wanaonusa-nusa glasi waachwe na bia zao za malenge na pichi. Watu wakacheka. Halafu wengine wakakumbuka kitu. Siku tisa tu kabla ya hapo, wenye Budweiser walikuwa wametangaza kwamba wananunua Elysian, kiwanda kidogo cha bia kule Seattle. Na Elysian walikuwa wamewahi kupika nini? Bia ya malenge na pichi.

Maze. Unanunua nyumba ya mtu, halafu hata kabla hujakabidhiwa funguo unasimama barabarani ukicheka mapazia yake.

Hiyo stori ndiyo iliniingiza kwenye hii historia, kwa sababu baada ya mauzo kuna watu Seattle waliokuwa wamenunua Elysian miaka yote na wakaacha siku hiyo hiyo. Bia iliyokuwa kwenye mikebe wiki hiyo ilikuwa imepikwa kabla ya kusainiwa chochote. Ladha ilikuwa ile ile. Sasa mbona waache? Na kabla hujafungua mdomo: kama hujafika miaka 18, hii ni historia na biashara tunasoma hapa, haujaalikwa popote.

Wahenga wetu walishalijibu swali hili nusu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tembo hapa ni pombe ya mnazi, si yule wa kwenye chupa ya Tusker. Mgema anasifiwa, anavimba kichwa, anaona wateja wako tu, anaongeza maji kidogo. Kesho anaongeza tena. Siku wateja wakishtuka, ameharibu jina. Ni maelezo mazuri sana, na kuna kampuni moja ya Kimarekani iliyaishi neno kwa neno, kwa hivyo wacha tuanze nayo.

Schlitz ilikuwa bia ya Milwaukee, mji uliojaa wahamiaji wa Kijerumani, na ilijiita bia iliyoupa Milwaukee umaarufu. Kuna miaka katikati ya karne ya 20 ilikuwa ikiuza kuliko bia yoyote Marekani, na hata Budweiser ilipoipita, ilibaki ikimpumulia kisogoni. Miaka ya 1970 wakubwa wake wakaanza kupiga hesabu. Shayiri ni ghali, tukipunguza kimea tuweke sharubati ya mahindi nani atajua? Bia inakaa siku nyingi kwenye tangi ikichacha, tukiharakisha si tangi moja litafanya kazi ya mawili? Kila badiliko lilikuwa dogo, na hiyo ndiyo hatari yake. Mnywaji wa leo hakuona tofauti na ya wiki jana. Ila ukijumlisha mabadiliko ya miaka kumi, hiyo si bia moja tena.

Halafu likaja lile la makamasi. Samahani, hakuna neno lingine. Mwaka 1976 kampuni iliogopa kwamba serikali ingelazimisha viungo vyote viandikwe kwenye lebo, na hawakutaka wateja wasome kemikali waliyokuwa wakitumia kuzuia bia isiwe na ukungu. Wakabadilisha, wakaweka nyingine ambayo ingechujwa kabla ya chupa kujazwa, kwa hivyo haingehitaji kuandikwa. Hiyo mpya ikagombana na kemikali nyingine, ile ya kushikilia povu. Ndani ya chupa vikatokea vipande vyeupe vinavyoelea. Mwanzoni wakubwa wakasema haina madhara, tulieni. Mwishowe wakarudisha chupa zipatazo milioni 10 na kuziharibu.

Wangeomba msamaha yaishe. Badala yake, mwaka 1977, wakatengeneza matangazo ambayo mtu asiyeonekana anamwomba jamaa mbabe aache Schlitz ajaribu bia nyingine, na mbabe anakasirika kweli kweli. Yalikusudiwa kuchekesha. Watu wakayapa jina lao: kunywa Schlitz ama nikuue. Kufikia 1981 kiwanda cha Milwaukee kilikuwa kimefungwa, na 1982 kampuni yote ikauzwa kwa Stroh wa Detroit. Jina likabaki kwenye mikebe ya bei ya chini.

Sasa, kama kila mteja anayehama angekuwa na sababu kama ya Schlitz, ningeishia hapa. Alitia maji, wakahama, kwaheri. Lakini Elysian hawakutia maji. Ili kuelewa kwa nini waliadhibiwa, lazima ujue wanywaji wa bia za krafti walikuwa wananunua nini hasa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Marekani nzima ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100. Nchi kubwa vile! Makampuni makubwa yalikuwa yamewameza wadogo, na bia zilifanana kama maji ya mfereji mmoja. Mtu wa kwanza kugoma anayetajwa na kila mtu ni Fritz Maytag, kijana wa familia iliyotajirika kwa mashine za kufulia nguo, ambaye mwaka 1965 alisikia Anchor, kiwanda cha San Francisco kilichokuwepo tangu 1896, kinakufa. Akanunua sehemu kubwa yake kwa dola elfu chache tu. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter akatia saini sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani kwao bila kodi, na gereji za Marekani zikageuka shule. Wengi waliofungua viwanda vidogo baadaye walianzia hapo, na sufuria na ndoo. Kufikia 2015 nchi ilikuwa na viwanda zaidi ya 4,000.

Walichouza kilikuwa bia, sawa, yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Lakini pamoja na bia waliuza sentensi moja: sisi si wale. Kila lebo iliisema kwa namna yake. Ukilipa bei karibu mara mbili ya Budweiser, ulikuwa unalipia kimea, na unalipia pia uhakika kwamba doo zako hazifiki St. Louis kwa wenye Budweiser.

Elysian waliisema kwa sauti kuliko wengi. Mwaka 2008 lebo ya muziki ya Sub Pop, ile iliyotoa kazi za kwanza za Nirvana, ilikuwa inatimiza miaka 20, na Elysian wakapika bia ya sherehe iliyoitwa Loser. Wakaiandika kauli mbiu yenye maana kwamba bia za makampuni makubwa bado ni ovyo. Kauli yenyewe ilikuwa inamkonyezea jicho Kurt Cobain, aliyewahi kuvaa fulana ya namna hiyo dhidi ya magazeti makubwa akiwa kwenye jalada la gazeti kubwa. Utani mzuri. Tatizo la kuchapisha utani kwenye chupa ni kwamba chupa haisahau. Mauzo yalipotangazwa Januari 2015, kila mtu alikuwa na picha ya hiyo kauli mbiu.

Lakini Elysian hawakuwa wa kwanza, na aliyekuwa wa kwanza ndiye anayenivutia zaidi.

John Hall alikuwa meneja kwenye kampuni ya vifungashio. Mwaka 1988 akafungua baa inayopika bia yake kwenye mtaa wa Clybourn, Chicago, akaiita Goose Island. Mwanawe Greg akaja kuwa mpishi mkuu, na Greg ndiye aliyechukua mapipa yaliyomaliza kulaza wiski ya bourbon, akalaza ndani yake bia nyeusi nzito kwa miezi. Ikatoka kitu ambacho majaji wa kwanza hawakujua wakiweke kundi gani: nyeusi kama lami, tamu, yenye nguvu karibu na ya divai. Bourbon County Stout. Leo kila kiwanda kidogo kina bia ya pipa la wiski. Wakati ule ilikuwa kama mtu ametia pilau kwenye chapati na ikakubali.

Halafu kulikuwa na bia yao nyepesi ya ngano, 312. Hiyo namba ni kodi ya simu ya katikati ya Chicago. Fikiria bia inaitwa 020, utajua walichokuwa wakifanya. Juni 2010, Marekani na Uingereza walitoka sare ya 1-1 kwenye Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, na Obama na David Cameron walikuwa wamewekeana dau la bia. Walipokutana Toronto, Obama, mtu wa Chicago, alimpa Cameron nini? 312. Kwa mtu wa Chicago hiyo ilikuwa kama kuona namba ya matatu ya mtaa wenu imebandikwa kwenye gari la rais.

Miezi tisa baadaye, Machi 2011, Goose Island ikauzwa kwa Anheuser-Busch InBev kwa dola milioni 38.8. Hawa ndio wenye Budweiser, ambao tangu 2008 walikuwa wameunganishwa na InBev ya Ubelgiji kwa dola bilioni 52 na kuwa kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani.

Nataka tumtendee Hall haki hapa. Hakuwa amelala akaamka msaliti. Bia ilikuwa inaisha kabla wateja hawajaisha. Kujenga kiwanda kipya kunahitaji mamilioni, na benki haikopeshi mapenzi ya wateja. Asilimia 42 ya kampuni tayari ilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine. Naye alikuwa mtu wa umri wa kustaafu aliyekuwa amebeba hiyo biashara kwa miaka 23. Ukimuuliza mzazi wako mwenye duka kama angekataa, msikilize anavyonyamaza.

Ila wateja walisikia kitu kingine. Baa kadhaa za Chicago ziliondoa mabomba ya Goose Island. Watu waliokuwa wakiwaletea wageni chupa ya 312 kama zawadi ya mji wakaona aibu. Na aibu yenyewe ikapata ushahidi, kwa sababu baada ya mauzo 312 ilianza kupikwa pia kwenye kiwanda kikubwa cha Budweiser kilichoko Baldwinsville, jimbo la New York, mamia ya kilomita kutoka Chicago. Rudi kwenye ile bia yetu ya 020. Sasa inapikwa Mwanza. Inaweza kuwa tamu kuliko zamani, na mitambo ya wakubwa inajua kurudia ladha ile ile bila kukosea, wapishi wenyewe wanakubali. Lakini ile namba kwenye lebo inamaanisha nini sasa?

Hapo ndipo naona methali yetu inafika mwisho wa uwezo wake. Tembo halikutiwa maji. Mgema aliuza mnazi. Na mteja akagundua kwamba muda wote alikuwa akimlipa mgema, na tembo lilikuwa kama risiti tu.

Watu wakubwa wa biashara hawakuelewa jambo hili kwa miaka mingi, ama walielewa wakaona litapita. AB InBev wakaendelea kununua: Blue Point na 10 Barrel mwaka 2014, Elysian na Golden Road 2015, na Camden Town ya London mwisho wa mwaka huo. Mwaka 2017 wakanunua Wicked Weed ya Asheville, North Carolina. Hii ilikuwa tofauti, kwa sababu wa kwanza kuhama walikuwa viwanda vingine, hata kabla ya wanywaji. Wicked Weed walikuwa wameandaa tamasha, na waalikwa kwa makumi wakajiondoa. Marafiki wa jana walikataa hata kuweka meza kwenye uwanja mmoja nao.

Unaweza kusema ni drama. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nikasoma kuhusu hopsi za Afrika Kusini. Kule karibu na mji wa George, Western Cape, kuna mashamba ya hopsi zenye harufu ambazo wapishi wadogo wa Marekani walikuwa wamezipenda sana. Mashamba hayo yalikuwa yamefungamana na SAB, kampuni kubwa ya bia ya Afrika Kusini. Mwaka 2016 AB InBev wakainunua SABMiller, ununuzi wa zaidi ya dola bilioni 100. Mei 2017 wapishi wadogo wakaambiwa hopsi za mwaka huo hazitawafikia. Kampuni ilieleza kwamba mavuno yalikuwa mabaya na kilichopatikana kinahitajika kwa bia za Afrika Kusini kwenyewe. Inawezekana kabisa. Lakini angalia mahali ambapo wapishi wale walikuwa wamesimama: mshindani wao sasa ndiye aliyeamua kama watapata maua.

Na ni hivyo hivyo kwa rafu za dukani na malori ya usambazaji. Mtu anayemiliki Budweiser na pia Goose Island anaweza kumpa mwenye baa bia ya kawaida na bia yenye sura ya krafti kwa mkono mmoja, kwa bei ambayo kijana mwenye kiwanda cha gereji hawezi kuifikia. Mnywaji akinunua 312 akidhani anamsaidia mdogo, anamlipia mkubwa mafuta ya lori. Ndiyo maana mwaka 2017 chama cha viwanda vidogo vya Marekani kilitoa muhuri wa kubandika kwenye lebo, chupa iliyopinduliwa juu chini, ili mtu ajue kiwanda bado ni huru. Ukiona watu wanaanza kubandika muhuri wa uhuru kwenye bidhaa, jua majina yameacha kusema ukweli.

Turudi Seattle kidogo. Elysian ilianzishwa na wapenzi watatu wa bia, na mmoja wao, Dick Cantwell, alikuwa akiyapinga hadharani makampuni makubwa kwa miaka. Wenzake wawili walitaka kuuza. Yeye hakutaka. Kura ni kura, mbili kwa moja. Aprili 2015, miezi michache baada ya lile tangazo la mapazia, akaondoka kwenye kiwanda alichokianzisha. Hebu waza: hata mwenye kupika alikuwa miongoni mwa waliohama.

Kuna njia nyingine ya kuuza bila kuuza, na hapo lazima tuende Scotland. BrewDog ilianzishwa 2007 na James Watt na Martin Dickie. Hawa walijiita mapanki, na kuanzia mwishoni mwa 2009 wakawauzia mashabiki hisa kwa mpango walioupa jina la usawa kwa mapanki. Unanunua kipande, unapata punguzo kwenye baa, na unajiita mwenye kiwanda. Maelfu kwa maelfu waliingia. Camden Town ilipouzwa 2015, BrewDog wakaiondoa kwenye baa zao, wakasema hawauzi bia za waliomezwa na wakubwa. Ngumi hewani. Mwaka 2017 wakaiuzia TSG, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, zaidi ya asilimia 20 ya kampuni kwa pauni milioni 213. Hisa za TSG zilikuwa za daraja la kwanza, zenye faida ya asilimia 18 kila mwaka inayopandiana, na zinalipwa kabla ya zile za mashabiki. Soma hiyo sentensi tena polepole, hasa kama umewahi kuambiwa na programu ya simu kwamba wewe ni mwekezaji.

Juni 2021 wafanyakazi wa zamani wa BrewDog wakaandika barua ya wazi wakieleza utamaduni wa hofu kazini. Watt akaomba radhi. Januari 2024 ikajulikana kwamba waajiriwa wapya hawatahakikishiwa tena ule mshahara wa kutosheleza maisha ambao kampuni ilikuwa ikijivunia. Hapa hakuna aliyesema bia imeharibika. Walichosema ni kwamba walinunua upanki, na kila mwaka kopo likifunguliwa unatoka kidogo.

Sasa mtu ataniuliza: mbona sisi Kenya hatufanyi hivi? Mwenye hisa nyingi za EABL kwa miaka mingi amekuwa Diageo ya London, na sijawahi kuona mtu akiweka chini Tusker kwa sababu hiyo. Jibu langu ni kwamba Tusker haikuwahi kutuahidi vita. Ilizaliwa miaka ya 1920 kama bia ya walowezi, ikawa ya kila mtu, ikatuambia tu kwamba ni ya nyumbani. Hakuna ahadi, hakuna usaliti. Wanywaji wetu wakihama, mara nyingi ni bei. Angalia Senator, iliyoletwa 2004 kwa nafuu ya kodi ili watu waache chang'aa. Mwaka 2013 serikali ikaondoa nusu ya ile nafuu, bei ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya, na kuna waliorudi kwa chang'aa. Mwaka 2015 nafuu ikarudishwa. Kwa mtu ambaye mfuko ndio unaamua, umiliki ni mjadala wa meza nyingine.

Lakini hiyo meza inakuja. Nairobi sasa ina viwanda vidogo, kimoja kinaitwa 254 Brewing Company, na unaona wenyewe jina limekaa wapi. Sisemi wao watauza. Nasema yule aliyeweka namba ya nchi kwenye chupa ameingia kwenye mkataba ambao hakuna wakili aliyeuandika.

Mpaka hapa nimewapa wanywaji nafasi ya wenye haki, na si kweli kabisa. Wengi waliosema wamehama kwa sababu ya msimamo walikuwa wamechoka tu. Mnywaji wa krafti ni mtu wa kitu kipya: leo bia ya mapera, kesho yenye ukungu kama juisi, keshokutwa chumvi na ukwaju. Anajipiga picha na mkebe ambao hajawahi kuuona, na ule aliouona jana umeshazeeka. Mwaka 2015 Constellation walinunua Ballast Point ya San Diego kwa karibu dola bilioni moja, wakidhani wamenunua wateja. Mwisho wa 2019 wakaiuza kwa kiwanda kidogo cha Illinois ambacho wengi hawakuwahi kukisikia. Wateja walikuwa wameshahamia mkebe mwingine. Na wakati huo huo, foleni za Bourbon County siku ya Black Friday hazikuisha Goose Island ilipouzwa. Wasee walilaani mtandaoni, halafu wakapanga foleni kwenye baridi ya Novemba. Hata mwaka 2015, bakteria walipoingia kwenye baadhi ya chupa zikawa chachu na kampuni ikarudishia watu pesa, mwaka uliofuata foleni ilikuwepo.

Anayenisikitisha katika hii historia yote ni Anchor, ile ya Maytag, babu wa wote. Maytag alistaafu na kuiuza 2010. Mwaka 2017 Sapporo ya Japani ikainunua kwa dola milioni 85. Kuna waliohama hapo, kwa sababu tunazozijua. Wengine walikuwa wameshahama kabla, kwa sababu bia ya kahawia ya mwaka 1971 haipati likes. Mwaka 2021 wenye kampuni wakaona dawa ni kubadilisha lebo. Zile za zamani zilichorwa kwa mkono na mzee Jim Stitt, nanga, shayiri, herufi zilizopinda kama za bango la meli. Wakaweka rangi kali na maumbo ya kuonekana kutoka mbali kwenye friji ya duka. Mashabiki wakapiga kelele, wakiwemo, nina hakika, watu ambao hawakuwa wamenunua Anchor tangu walipomaliza chuo. Wateja wapya hawakuja.

Juni 2023 kampuni ikasema haitauza tena nje ya California na kwamba Bia ya Krismasi, iliyopikwa kila mwaka tangu 1975 na kila mwaka ikachorwa mti tofauti kwenye lebo, haitapikwa. Mwezi uliofuata ikatangaza inafunga. Ndipo San Francisco ikakumbuka. Watu wakaja kiwandani kununua chupa za mwisho, wakabeba makreti mpaka kwenye magari. Wafanyakazi, waliokuwa wameunda chama chao 2019, wakajaribu kuchanga wakinunue wenyewe wakiendeshe kama ushirika. Haikutosha.

Mwaka 2024 Hamdi Ulukaya, mhamiaji kutoka Uturuki aliyetajirika kwa mtindi wa Chobani, akainunua Anchor pamoja na jengo na fomula zake, akasema anataka kuifufua. Ningekuwa yeye, ningeanza kwa kutafuta zile lebo za Stitt, halafu ningehesabu ni wangapi kati ya wale waliopanga foleni Julai 2023 watarudi mwezi wa pili, wakati hakuna kinachokufa.